DINI NA KURA YA MAONI

Kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa ilipangwa kupigwa tarehe 30 Aprili 2015, kisha ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekwisha. Lakini kabla ya hapo Jukwaa la Wakristo lilikwisha kuwahimiza waumini wapige kura ya "Hapana", na sababu mojawapo kubwa ilikuwa muswada uliohusu Mahakama ya Kadhi. Nao Waislamu wengi walinung'unika kwamba Mahakama hiyo haikutiwa katika Katiba.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa bonde la Kilombero. Hapa Ifakara misheni ilijenga shule na hospitali kabla ya Uhuru. Neno la padri lina uzito, na la shehe vilevile. Hatusemi wanyamaze. Kufundisha lililo jema na lililo baya ndiyo kazi yao. Lakini kumfundisha mtu ni jambo moja, na kumpigia kura ni jambo jingine. Mwaka ule ule Kardinali Pengo alisema waumini waachwe waamue wenyewe, ingawa Maaskofu wenziwe walikuwa wamekwisha kutoa tamko.

Tutazame Kenya. Tarehe 4 Agosti 2010 viongozi wengi wa makanisa waliipinga Katiba mpya kwa ajili ya utoaji mimba na Mahakama za Kadhi. Hata hivyo, katika nchi ambayo wengi ni Wakristo, wapiga kura kama 67 katika kila 100 waliikubali. Hawakuikana dini yao. Waliipima Katiba nzima.

Mkulima wa mpunga wa Ifakara na mkata miwa wa Kidatu wana haki ya kujua Katiba yasema nini juu ya ardhi na ujira wao, wala si juu ya kadhi peke yake.

Nasi wanachama tujihukumu kwa haki. Si uungwana kumpa kiongozi wa dini jukwaa anaposema "Ndiyo", kisha kumwambia asichanganye dini na siasa anaposema "Hapana". Siku kura hiyo itakaporudi, Katiba isomwe matawini mapema, ibara kwa ibara, na muswada wa dini usiletwe pamoja nayo. Hapo kila mtu ataingia chumbani na dhamiri yake, akiwa ameelewa anachokipigia kura.