Cheo ni Dhamana: Somo la Mzee Ruksa

Tangu Mzee Ali Hassan Mwinyi alipofariki dunia jijini Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024 na kuzikwa Mangapwani, Unguja, amemiminiwa sifa nyingi: mpole, mcheshi, Mwislamu mcha Mungu, bingwa wa Kiswahili. Hakuna ya kubishia. Ila sifa za marehemu hazitoshi kutuongoza sisi tuliobaki. Toleo hili tumeliandaa kwa sababu maisha yake yana somo zito zaidi, nalo lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni Januari 1977. Mwalimu huyu wa shule aliyezaliwa Mkuranga na kulelewa Zanzibar alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwaka uliotangulia, huko Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha msako juu ya mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Watuhumiwa waliteswa mahabusu, baadhi yao wakafa. Mwinyi hakumgusa mtu. Angeweza kuunda tume, akahamisha kamanda mmoja wawili, mambo yakapoa. Alijiuzulu.

Waliodhani amekwisha kisiasa walikosea. Alipelekwa Misri kuwa balozi, akarudi kwenye baraza la mawaziri. Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, alipojiuzulu Januari 1984, Zanzibar ilikabidhiwa kwake, na Novemba 1985 akaapishwa kuwa Rais wa Tanzania, akimrithi Mwalimu Nyerere. Wenye kung'ang'ania viti kwa hofu ya kusahaulika wamsome hapa.

Upande wa pili hausemwi sana. Mwinyi alipokea nchi yenye maduka matupu. Sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, au kwa magendo. Akafungua milango. Mwaka 1986 serikali yake ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, bidhaa zikajaa, mitumba ikapangwa barabarani, na wananchi wakambatiza jina la Mzee Ruksa. Mwaka 1992 vyama vingi navyo vikapata ruksa. Watu walipumua, na hilo si dogo.

Lakini mwaka 1991, yeye akiwa Mwenyekiti wa chama tawala, CCM, Halmashauri Kuu ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha. Kiongozi akaruhusiwa kumiliki hisa, kupangisha nyumba na kupokea zaidi ya mshahara mmoja. Mwishoni mwa 1994, wahisani walisimamisha misaada kwa sababu ya misamaha holela ya kodi waliyopewa wafanyabiashara. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ilikuja 1995, mwaka alioondoka Ikulu.

Hatusemi haya kumvunjia heshima. Tunasema kwamba mtu aliyeacha uwaziri kwa kosa la wengine ndiye huyo huyo ambaye chini yake wengine walijichotea bila hofu. Uadilifu wake ulikuwa wa dhati, lakini ulikuwa wake. Haukumfuata kila waziri ofisini, wala haukuwa kifungu cha sheria. Imani ya dini humfanya mtu mmoja aogope dhuluma. Haiwezi kuifanya kazi ya mkaguzi wa hesabu, ya Bunge na ya mahakama. Na sheria ile ya 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali zake. Haimlazimishi waziri kuachia ngazi raia wanapofia mikononi mwa walio chini yake. Kwa hiyo hadi leo kuwajibika kumebaki hiari, na hiari hutegemea bahati ya kumpata Mwinyi mwingine.

Waandishi wa toleo hili hawakubaliani katika yote. Wapo wanaoona ruksa iliokoa nchi, na wapo wanaoona ndiyo iliyofungua mlango wa ufisadi. Wasome wote kwa subira. Kisha, mbunge wako atakapokuja kuomba kura, muulize kama yuko tayari kuunga mkono sheria itakayomfanya waziri awajibike hata kama dhamiri yake haimsuti. Mzee Ruksa tumwombee rehema. Sheria hiyo tuidai wenyewe.