Faili ya OCX ikikosekana, usiokote yoyote

Jamani, juzi niliitwa kwenye duka moja hapa Dagoretti Corner. Kompyuta mpya, programu ya madeni ya wateja ni ya Visual Basic 6, ile ya 1998. Ikagoma: MSCOMCTL.OCX haipo. Kijana wa duka alitaka kuipakua kwenye tovuti asiyoijua. Nikamzuia, ikiwa na virusi, madeni yote yamekwenda! Tukaitoa kwenye kompyuta ya zamani, tukaiweka SysWOW64, tukaisajili kwa regsvr32 kwa haki za msimamizi. Ikafunguka.

Lakini kosa ni letu waunda programu. Windows huja na msvbvm60.dll, haiji na OCX hiyo. Tuifungashe ndani ya programu yetu. Mwenye duka ananunua programu, hanunui kazi ya kutafuta vipande vyake.