Soda Haikung'oa Mabati

Leo sina maneno laini. Kuna jambo lilisemwa kati yetu wiki iliyopita, na nikinyamaza nitakuwa mtu wa mshahara tu, siyo mchungaji.

Dada mmoja wa kanisa letu hapa Sericho aliwanunulia watoto wake soda na mandazi Jumamosi. Mdogo wao alikuwa ametimiza miaka mitano. Wakaimba, wakacheka, wakalala. Usiku wa Jumapili upepo ukaja na vumbi lake, ukang'oa mabati matatu ya chumba wanacholala. Asubuhi, kabla hajapata hata mtu wa kumshikia ngazi, mpendwa mmoja akamwambia: "Umeona sasa? Ulikuwa kwa raha, Mungu amekukumbusha."

Dada huyo alinipigia simu akilia. Hakuwa analilia mabati. Alilia kwa sababu aliamini kicheko cha mtoto wake ndicho kilichomletea hasara.

Wewe uliyesema maneno hayo, nakupenda, lakini nakukemea. Soda haikung'oa mabati. Upepo ndio uliyang'oa, na misumari ilikuwa imeliwa na kutu.

Fungua Ayubu sura ya 1. Watoto wa Ayubu walikuwa wamekaa wakila na kunywa kwa kaka yao mkubwa, upepo mkubwa ukatoka jangwani ukaipiga nyumba. Sura ya 8, Bildadi akaja na mahubiri yake kwamba huenda watoto hao walitenda dhambi. Sasa ruka hadi 42:7 uone Mungu alimkasirikia nani. Si watoto waliokuwa wakila. Aliwakasirikia Elifazi na wenzake wawili, na Bildadi ni mmoja wao. Ukienda kwa aliyepatwa na shida ukiwa na kidole badala ya nyundo, wewe ni Bildadi.

Tena sisi watu wa Isiolo tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwaka 2020 nzige walipita hapa. Kuanzia mwisho wa mwaka huohuo hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ikakosa mfululizo. Katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Kisha mwisho wa 2023 mvua ya El Niño ikaja na mafuriko. Niambie, ni soda ya nani iliyoleta hayo yote? Aliyekuwa anafunga na kuomba alipoteza ng'ombe, na aliyekuwa anatafuna miraa kutwa nzima alipoteza ng'ombe.

Lakini usianze kupiga makofi, ndugu uliyekaa upande ule mwingine. Nawe nina neno lako.

Wewe ndiye unayesema "ponda mali kufa kwaja", halafu unaongeza "Mungu ataleta" ili isikike kama imani. Miraa ya kila jioni. Kubeti mechi za Jumamosi. Bando linaloisha kabla ya saa sita. Hutakuta andiko linalosema bando ni dhambi. Ila piga hesabu nami: shilingi 100 kila siku ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Mtoto akishikwa na homa usiku na daktari aseme apelekwe Isiolo mjini, huna nauli. Unafungua simu unakopa. Mwezi unaofuata unakopa tena kulipa ule wa kwanza. Usiite hiyo imani. Umeila nauli ya mtoto wako kidogo kidogo, na hukuona kwa sababu ilikuwa tamu.

Nasema hivi nikiwa na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana nilinunua suti kwa mkopo wa simu, kwa sababu nilialikwa kuhubiri mkutano mkubwa. Siku sita baadaye tenki letu la maji likapasuka. Mke wangu alinunua maji kwa mitungi mwezi mzima, na sikuwa na shilingi ya kumpa. Nilihubiri nikiwa nimependeza, na nyumbani watoto walikuwa wakioga kwa kikombe. Sijamlaumu shetani. Aliyetia sahihi ni mimi.

Basi tusimame wapi? Soma 2 Wafalme 4, habari ya yule mjane na mafuta yake. Elisha alimpa mpangilio: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Deni kwanza, maisha baadaye. Lakini angalia, alisema waishi. Hakumwambia anyunyize majivu kichwani mpaka afe. Naye Yusufu katika Mwanzo 41 hakuwaambia Wamisri waache kula miaka ile ya shibe. Aliweka sehemu ya tano akibani. Sehemu nne zilibaki mezani.

Ndiyo kusema furaha na akiba zinatoka mfuko mmoja, na zote mbili ni za Mungu. Furaha isiyo na kipimo huliwa na shida ya kwanza. Akiba isiyo na furaha hukugeuza mtu mkavu, unahesabu sukari kwenye kikombe cha mgeni. Pesa ikiingia, hata kama ni ya mbuzi mmoja, tenga kwanza ya ghafla, hata ikiwa shilingi 50, uiweke mahali ambapo mkono wako hautafika kwa haraka. Kisha tenga ya furaha, ndogo, inayojulikana na nyumba yote. Hiyo ile bila kuogopa. Ikiisha, imeisha. Usikope ili ucheke.

Na usibebe peke yako. Majirani zetu Waborana wana busa gonofa: mtu akipoteza mifugo, ukoo unakaa chini na kumchangia wanyama aanze tena. Sijasikia kwamba wanaanza kwa kumuuliza alikunywa chai ngapi. Wengi wao si wa kanisa letu, lakini katika jambo hili wanatufundisha. Sisi tunaoitana ndugu na dada kila Jumapili, mabati matatu yanatushinda?

Neno la mwisho ni letu sisi wachungaji. Kama una mtoto mgonjwa au nyumba iliyofunuka, usilete ahadi ya ujenzi wa kanisa mwezi huu. Mpeleke mtoto hospitali. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliotumia sadaka kama kisingizio cha kuwaacha wazazi wao, na sitaki kusimama mbele yake nikiwa na pesa ya dawa ya mtoto wako kwenye kikapu changu. Mhubiri atakayekutisha kwa hilo, mwambie nimesema mimi.

Kumbuka Kana. Sherehe katikati, divai ikaisha. Hiyo ni shida ya nyumba, na ni aibu mbele ya wageni. Yesu hakuwauliza kwa nini walikuwa wanasherehekea. Hakuivunja harusi. Aliomba mitungi ijazwe maji, na watu wakatumwa kazi. Nehemia naye, sura ya 8, aliwaambia watu waliokuwa wakilia waende wakale vinono, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Kula na kupeleka, kwa siku moja.

Kwa hiyo Jumamosi hii saa tatu asubuhi tunakutana kwa yule dada. Fundi tunaye. Mabati mawili yamepatikana, bado moja, na misumari. Mwenye ngazi aje nayo. Wewe uliyemwambia maneno yale, nakuomba uwe wa kwanza kufika, na uje na nyundo.

Soda nitanunua mimi. Safari hii si kwa mkopo.

Kama umepokea neno hili, usiandike Amina tu. Andika utakuja na nini.

Mchungaji wako, Sericho.