Karata haina mshahara
Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliingia shindano la mtandaoni kwa dola 86, akaishia Las Vegas na dola milioni 2.5 za ubingwa wa dunia wa poka. Tangu hapo wengi wameacha kazi wakimfuata yeye, si hesabu. Na hesabu ni kavu: hata ukishika ree mbili, jozi bora kuliko zote, mwenye wazungu wa nne wawili atakufunga karibu mara moja katika kila tano. Miezi huweza kupita hivyo, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Wanaodumu hutenga fedha za mezani mbali na za unga, na wakipata kipato cha fundi mzuri hushukuru. Anayetaka mamilioni ya Moneymaker asiache ajira.