Daraja la Lehemu Si Kosa la Dada wa Mashine

Najua nimepotea wiki kadhaa, UE zilinibana kwelikweli. Leo siongelei bumu wala foleni ya kafteria. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu daraja. Siyo lile la Kigamboni tunalopita tangu 2016. Hili ni dogo mno, ukitaka kuliona lazima ukodoe macho.

Likizo iliyopita nilipata kibarua kwenye karakana moja (jina nalihifadhi) inayotengeneza bodi za taa za sola. Kule kuna mashine ya wimbi. Bodi inapuliziwa flaksi kwa chini, inapashwa moto, halafu mkanda unaipitisha juu ya wimbi la lehemu iliyoyeyuka, ile ambayo mafundi redio wa mtaani wanaiita risasi. Sekunde chache tu, miguu yote imeshika. Raha kuangalia! Shida inakuja lehemu ikigandia kati ya miguu miwili ya chipu. Hilo ndilo daraja. Umeme unapita njia ya mkato, shoti, bodi imekufa.

Madaraja yakawa mengi. Msimamizi akatunga sheria: bodi ikitoka na daraja, dada aliyeipanga kwenye mkanda anakatwa hela. Ijumaa moja dada mmoja, mama wa watoto wawili, aliondoka na nauli tu. Eti "una mkono mzito." Jamani, mkono wake haukugusa lehemu hata mara moja! Na mimi msomi nilikaa kimya. Inaniuma mpaka leo.

Niliporudi chuo nikamsimulia rumeti wangu anayesoma uhandisi wa elektroniki. Akacheka, kisha akachukua karatasi akanichorea.

Kwanza, chipu yenyewe. Kutoka katikati ya mguu mmoja hadi wa pili ilikuwa milimita 0.65. Chipu za kizamani zenye miguu ya kupenya bodi zina milimita 2.54, karibu mara nne. Miguu iliyobanana namna ile kuipitisha kwenye wimbi ni kutafuta ugomvi. Njia yake ni lehemu ya uji: inapakwa kwenye vidoa vya shaba, chipu inawekwa juu, bodi inaingia kwenye tanuri.

Pili, kama ni lazima ipite kwenye wimbi, basi ielekezwe vizuri. Chipu yenye miguu pande mbili, safu zake zifuate mwendo wa mkanda, ili lehemu ichuruzike mguu hadi mguu. Yetu ilikuwa imelazwa kingamo, miguu ya upande mmoja yote inatoka wimbini kwa mpigo. Halafu nyuma ya miguu ya mwisho wachoraji huweka kidoa cha ziada cha shaba kinachovuta lehemu iliyobaki. Wanakiita mwizi wa lehemu. Mwizi wa maana huyo! Yetu haikuwa naye. Na ile rangi ya kijani inayotakiwa kutenganisha vidoa, kati ya miguu haikuwepo.

Tatu ndiyo inakuja mashine. Flaksi ikiwa kidogo, au ikiungua kabla ya kufika wimbini, lehemu inavuta nyuzi badala ya kuachia. Lehemu ya bati na risasi ya 63 kwa 37 huyeyuka kwa nyuzi 183, ile isiyo na risasi ya bati, fedha na shaba huanzia kama 217. Ukibadilisha lehemu bila kugusa joto la sufuria na mwendo wa mkanda, utavuna madaraja tu.

Sasa niambieni, katika yote hayo dada yule anahusika wapi? Mchoro hakuchora yeye. Joto hakupanga yeye. Najua mtasema mfanyakazi naye hukosea, anaweza kuingiza bodi kinyume. Sawa, anaweza. Lakini fremu inayokubali bodi upande mmoja tu inamaliza kosa hilo, tena kwa gharama ndogo. Kumkata mtu hela hakuondoi daraja hata moja. Kulimfundisha kitu kimoja tu: kuficha bodi mbovu.

Wenzangu wa ualimu, msicheke, hii inatuhusu. Kesho tutasimama maabara na vifaa vibovu, mwanafunzi apate jibu la ajabu, nasi tumwandikie sifuri na "hayuko makini." Tabia ni ileile. Kabla ya kuhukumu mkono, kagua mchoro.

Likizo ijayo nikirudi pale, naenda na ile karatasi ya rumeti. Wakinifukuza nitawasimulia hapahapa.