Nataka Wahandisi Wasioteuliwa na Waziri

Makamanda, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, Waziri Mkuu aliunda tume ya watu 19 kukagua majengo. Sawa. Mimi nasoma sheria, siyo uhandisi, kwa hiyo swali langu siyo la nondo wala zege. Nauliza: ni sheria gani inayomlazimisha kiongozi atuonyeshe tume kama hiyo imeandika nini?

Marekani wana Akademia ya Taifa ya Uhandisi, tangu 1964. Hakuna waziri anayeteua mtu humo. Hupeleki hata barua ya maombi; wanachama waliomo ndio wanaokupendekeza, wanazichambua kazi zako, halafu wanapiga kura. Ukishachaguliwa, hakuna taarifa ya Ikulu ya saa nne usiku ya kukutengua.

Msidhani nawasifia tu. Ile ni klabu ya wakubwa wa vyuo na makampuni, na kwa miaka mingi wanawake humo walikuwa wa kuhesabu. Tena tafiti zao nyingi zinalipiwa na serikali yenyewe! Ila hapo ndipo sheria inapoingia. Mwaka 1997 Bunge lao liliandika kwamba idara ya serikali isitumie ushauri wa kamati ya akademia hizi kama idara hiyo imeidhibiti kamati. Majina ya wajumbe yatangazwe, wananchi wayatolee maoni, na ripoti ya mwisho iwe wazi kwa umma, ukitoa siri zinazolindwa na sheria.

Ikaja kupimwa. Aprili 2010 mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka Ghuba ya Mexico, wafanyakazi 11 wakafa. Wizara iliyokuwa inasimamia uchimbaji ikaiomba Akademia ichunguze. Ripoti ikatoka Desemba 2011: makampuni yalikosea, na usimamizi wa serikali nao ulikuwa dhaifu. Yaani wizara iliomba kazi, na yenyewe ikaguswa, hadharani.

Sasa sisi. Mwaka huohuo wa 1997 tulitunga Sheria ya Usajili wa Wahandisi, ikaunda Bodi ambayo wajumbe wake wanateuliwa na Waziri. Bodi kusajili wahandisi na kuwawajibisha, sina ugomvi nayo. Lakini mwenye miradi mikubwa kuliko wote nchi hii ni Serikali: barabara, madaraja, SGR, Bwawa la Nyerere. Mradi wa Waziri ukipata ufa, nani wa kusema? Aliyeteuliwa na Waziri? Jamani.

Najua vijana wa chama tawala watajibu: wahandisi wakichaguana wenyewe watalindana. Wanaweza kabisa, wanasheria tunalindana kila siku. Ndiyo maana kura peke yake haitoshi, lazima na ripoti itoke. Kumlinda mwenzako ndani ya faili ni rahisi. Kumlinda kwenye karatasi ambayo kila fundi wa Mbagala anaweza kuisoma, hapo utatoka jasho.

Kwa hiyo nataka kwenye ilani yetu kiingie chombo cha wahandisi waliochaguliwa na wahandisi, chenye mamlaka ya kuchunguza bila kusubiri kuitwa. Na kifungu kimoja kifupi: ripoti ya jengo lolote lililoua watu iwekwe mtandaoni nzima, kwa Kiswahili, mama wa Kariakoo aisome kabla hajalipa kodi ya fremu.