Usitosheke na neno "imekubali"

Wazazi wenzangu, mitihani ya kidato cha sita ikishaisha, nyumba nyingi za Buhigwe, Kasulu na Kibondo huingia kwenye mtihani mwingine. Huu hauna msimamizi wala kengele. Unafanyika kwenye simu ya mtoto na kwenye meza ya steshenari, nao ni maombi ya mkopo wa elimu ya juu.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupokea maombi kwa mtandao. Mtoto anajaza fomu kwenye mfumo na kuichapa. Anaipeleka kwa viongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, kwa mdhamini na kwa hakimu au wakili, isainiwe na kugongwa mihuri. Kisha kurasa zilizosainiwa zinapigwa skani na kupakiwa kwenye mfumo pamoja na vyeti. Kwa familia inayotegemea maharage, kahawa na tangawizi, mkopo huo ndio unaoamua kama mtoto atapanda basi la chuo au atabaki nyumbani mwaka mzima.

Wiki hii nataka tuangalie hatua moja tu, ile ya kupakia mafaili. Hapo ndipo watoto wengi hurudi nyumbani wakisema, "Baba, imekubali," na baba anashukuru Mungu na kwenda shambani.

Mzazi, uliza swali la pili: nani amekubali?

Faili linapopakiwa, cha kwanza kulipokea ni mashine. Kwa kawaida mashine hutazama mambo machache. Je, hili ni faili la aina inayotakiwa, kama PDF au picha? Je, ukubwa wake haujazidi kiwango? Likipita hapo, inaandika kwamba limepokelewa. Mara nyingi haijui kama kilichomo ni cheti cha kuzaliwa au picha ya harusi ya shangazi, wala haioni kwamba muhuri wa mtendaji umekatwa nusu. Hayo huonwa baadaye na binadamu anayepitia maombi, na wakati huo dirisha linaweza kuwa limeshafungwa. Iko miaka ambayo Bodi ilitoa muda wa kurekebisha kasoro, lakini huo si muda wa kuutegemea.

Kwa hiyo tunahitaji kupita milango miwili: wa mashine na wa mtu.

Tuanze na wa mashine. Picha moja iliyopigwa kwa simu janja inaweza kufika MB 3 au 5, na mifumo mingi huweka kikomo cha chini ya hapo. Kumbuka MB 1 ni kama KB 1,000. Mfumo ukidai faili lisizidi KB 500, picha ya MB 4 imezidi mara nane. Usibishane nao, punguza ukubwa. Kijana wa steshenari anajua kufanya hivyo, na hata simu ya Android yenye Google Drive inaweza kupiga skani karatasi na kutoa PDF. Ila kubadilisha tu jina la picha ukaandika "pdf" mwishoni hakugeuzi kitu. Ni sawa na kuandika "mchele" kwenye gunia la mahindi.

Mlango wa mtu unataka macho. Karatasi ilale juu ya meza, mchana, karibu na dirisha, kivuli cha mkono kisiangukie juu yake. Pembe zote nne zionekane. Namba ya cheti isomeke, muhuri usomeke, sahihi ionekane. Na kuna kosa moja la kila siku: mtoto hupiga picha nzuri, anamtumia kaka yake aliyeko Kasulu mjini kwa WhatsApp ili akampakilie. WhatsApp huipunguza picha inapotumwa kama picha, na maandishi madogo yanakuwa ukungu. Atume kama hati, faili litafika lilivyo.

Cheti cha kuzaliwa kina safari yake ya peke yake. Kabla ya kuingia kwenye maombi, kinatakiwa kihakikiwe na RITA, na uhakiki huo nao huombwa kwa mtandao kwa kupakia nakala ya cheti. RITA hulinganisha na kumbukumbu zake ndipo inatoa majibu. Vivyo hivyo cheti cha kifo, kwa mtoto aliyefiwa na mzazi. Majibu yanaweza kuchukua siku, kwa hiyo kazi hii ianze mapema, kabla foleni haijawa ndefu. Nakala yenye ukungu hapa hukuchelewesha mara mbili, RITA kwanza na Bodi baadaye.

Angalia na majina. Majina yetu ya Kiha yenye herufi zinazofuatana kama "Nt" au "Bw" huteswa sana na makarani. Shuleni limeandikwa hivi, kwenye cheti cha kuzaliwa limepungua herufi moja. Weka vyeti vyote mezani, msome herufi kwa herufi wewe na mwanao. Mkiona tofauti, mwende kwa wakili mkaulize kuhusu hati ya kiapo wakati muda bado upo.

Sasa usalama. Unapoacha vyeti steshenari, unaacha jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha mdhamini na sahihi yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mwenye steshenari naye anapaswa kuziheshimu taarifa za watu. Lakini sheria haitakuja kufuta mafaili kwenye kompyuta yake. Kabla ya kuondoka, mwambie kwa adabu, "Mwanangu, naomba uyafute haya tukiona." Mtoto atoke kwenye akaunti yake, na nywila, ile tunayoiita paswedi, ibaki kwake mwenyewe, isiandikwe kwenye daftari la duka. Na namba ya simu iliyosajiliwa iwe ya nyumbani, isiwe ya fundi wa kompyuta, maana taarifa za Bodi zinaweza kuja kwa namba hiyo.

Usisubiri usiku wa mwisho. Nchi nzima huwa inapakia usiku huo, na mtandao wa milimani kwetu tunaujua. Faili likikatika katikati, linaweza lisifike kabisa au likafika bovu. Tarehe hubadilika kila mwaka, kwa hiyo isomeni kwenye mwongozo wa Bodi wenyewe, msitegemee tangazo lililosambazwa kwenye kundi.

Mzazi ambaye hajui kompyuta bado ana kazi. Mwanao akisema imekubali, mwambie, "Nionyeshe." Afungue kila faili alilopakia, moja moja, kutoka ndani ya mfumo, si kutoka kwenye simu. Shika karatasi halisi mkononi, ulinganishe. Kama wewe unaweza kusoma jina na kuuona muhuri kwenye kioo kile kidogo, atakayeyapitia maombi naye ataweza. Kama hauoni, mrudie leo. Kisha hifadhini nakala ya fomu iliyokamilika na risiti ya malipo, moja kwenye simu na moja ya karatasi ndani ya sanduku la nguo.

Karo tumehangaika nayo miaka yote. Tusiruhusu muhuri uliokatwa nusu utufunge goli dakika ya mwisho.

Tukutane wiki ijayo.